Kanuni Inaposhuka Ngazi: Kumbukumbu za Utoaji wa Taarifa za Ruzuku Tengeru

Ruzuku ya serikali, kwa maana inayotumika katika makala haya, ni fedha za umma zinazotolewa kwa taasisi ili itekeleze kazi yenye manufaa kwa jamii, bila serikali yenyewe kununua bidhaa au huduma kwa matumizi yake. Pale taasisi hiyo inapogawa sehemu ya fedha kwa taasisi nyingine inayotekeleza kipande cha kazi hiyohiyo, ile ya kwanza huitwa mpokeaji mkuu au mpitishaji wa ruzuku, ya pili huitwa mpokeaji wa chini, na makubaliano yaliyo baina yao huitwa ruzuku ndogo. Mpokeaji wa chini naye anaweza kuzigawa tena fedha hizo kwa walio chini yake, ndipo anapobeba mizigo miwili kwa wakati mmoja: kwa aliye juu anatoa taarifa, na kwa aliye chini anadai taarifa. Makala haya, yaliyotokana na kumbukumbu za mwandishi aliyehudumu kwa miaka mingi katika uhasibu wa ruzuku kwenye ukanda wa Tengeru, yanakusudia kuonesha kwamba sehemu kubwa ya matatizo ya utii wa kanuni za utoaji wa taarifa haitokani na wizi wala uzembe wa walio chini, bali inatokana na desturi ya kanuni kuongezewa ugumu kila inaposhuka ngazi, huku haki zinazoambatana nayo zikiachwa juu.

Tengeru ni mahali panapofaa kulitazamia jambo hili, kwa kuwa taasisi zinazopokea fedha za namna hii ni nyingi kuliko udogo wa mji wenyewe unavyodokeza. Kandokando ya barabara kuu itokayo Arusha kwenda Moshi, katika ardhi yenye rutuba ya miteremko ya Mlima Meru, kuna kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kampasi ya Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, Taasisi ya Maendeleo ya Jamii, na Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyozinduliwa rasmi mwaka 2012. Nacho Kituo cha Mboga Duniani, chenye makao makuu Taiwan, kimekuwa na ofisi ya kanda katika eneo la Arusha tangu mwaka 1992. Kuzizunguka taasisi hizo kuna asasi za kiraia na vikundi vya wakulima vya Halmashauri ya Wilaya ya Meru, ambavyo ndivyo vinavyopanda majaribio ya mbegu, kuhudhuria mafunzo na kutoa takwimu za mavuno. Shilingi inayomfikia mweka hazina wa kikundi kilichopo juu ya barabara huenda ilianza safari yake katika bajeti iliyopitishwa na Bunge la Marekani, ikapita katika wakala wa serikali ya nchi hiyo, kisha chuo kikuu, kisha taasisi ya utafiti ya Tengeru, kisha asasi ya wilaya. Mkulima wa Meru anayemwagilia kwa mfereji anajua kwamba maji hupungua kadiri yanavyosafiri kuelekea mashamba ya chini. Katika mlolongo wa ruzuku fedha nazo hupungua hivyohivyo, ila masharti huongezeka.

Kanuni zinazotawala fedha za serikali ya Marekani, ambazo ndizo zilizotawala kazi inayokumbukwa hapa, zina matawi mawili. Tawi la kwanza linahusu uwazi kwa umma. Sheria ya mwaka 2006 ya uwajibikaji na uwazi wa fedha za shirikisho, iliyoasisiwa katika Seneti na Tom Coburn wa chama cha Republican pamoja na Barack Obama wa chama cha Democratic, iliagiza matumizi ya fedha hizo yaonekane katika tovuti ambayo raia yeyote anaweza kuifungua, na kuanzia Oktoba 2010 wapokeaji wakuu wakawajibika kutangaza pia ruzuku ndogo wanazotoa. Kiwango cha kuanzia kutangaza kilikuwa dola 25,000, kikapandishwa hadi dola 30,000 mwishoni mwa mwaka 2020, na taarifa hutakiwa kuingizwa kabla ya kwisha kwa mwezi unaofuata ule ambao ruzuku ndogo ilitolewa. Tawi la pili linahusu usimamizi, nalo limo katika Kanuni Sare zilizoanza kutumika Desemba 2014 na kurekebishwa mwaka 2020 na 2024. Kanuni hizo zinamtaka mpitishaji wa ruzuku aandike katika mkataba masharti yote yanayomhusu mpokeaji wa chini, apime uwezekano wa mpokeaji huyo kushindwa kuyatimiza, amfuatilie kwa kiasi kinacholingana na kipimo hicho, na pale inapolazimu ampe mafunzo. Katika matawi yote mawili, mtu wa kwanza anayebebeshwa wajibu ni mpitishaji, na ukweli huo ndio unaosahaulika mapema zaidi mkataba unapoanza kushuka.

Mfano wa kwanza wa usahaulifu huo ni namba ya utambulisho. Tangu Aprili 2022 serikali ya Marekani imeacha namba iliyokuwa ikitolewa na kampuni binafsi na kuanza kutumia namba yake yenyewe, yenye herufi na tarakimu 12, ambayo mpokeaji wa chini hana budi kuwa nayo ili ruzuku ndogo yake itangazwe. Kanuni inamtaka awe na namba hiyo tu. Haimlazimishi kukamilisha usajili mzima katika mfumo wa serikali hiyo, ambao hudai nyaraka zaidi, misimbo mingine na uhuishaji wa kila mwaka. Hata hivyo, mwandishi aliona mikataba kadhaa iliyoitaka asasi ndogo ya wilaya kufanya usajili wote kabla ya kupewa hata malipo ya kwanza, na alipouliza kifungu kinachodai hivyo alijibiwa kwamba ndivyo ilivyo desturi ya ofisi. Ugumu wa kuipata namba peke yake ulikuwa unatosha, kwa sababu mfumo ule hauridhiki na sanduku la posta, ambalo ndilo lililokuwa anwani ya karibu kila taasisi nchini, bali unataka mahali taasisi ilipo, tena kwa maneno yaleyale yaliyomo katika hati zake. Cheti cha usajili kiliandika jina refu la asasi, benki ikalifupisha, nayo barua ya serikali ya kijiji ikalieleza jengo kwa kutaja jirani yake. Na hadi Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 ilipoyapa majengo namba na barabara majina, maombi yalikuwa yakirudishwa kwa tofauti ya neno moja.

Mfano wa pili, ambao ndio uliofunza zaidi, unahusu uthibitisho wa matumizi. Siku za soko la Tengeru ni Jumatano na Jumamosi, na katika siku hizo vikundi vya wakulima vilivyokuwa chini ya mradi mmoja wa mboga za asili vilinunua mbegu za mnafu na mgagani, viroba, kamba na samadi, kisha vikawalipa vibarua wa kupakia na dereva wa toyo. Muuzaji aliyekaa juu ya turubai na kupima mbegu kwa kikombe hana mashine ya kutolea risiti za kielektroniki, wala sheria ya kodi haimlazimishi kuwa nayo ikiwa mauzo yake hayajafika kiwango kilichowekwa. Katibu wa kikundi kimoja alikuwa na daftari la mistari alilolichora safu kwa rula: tarehe, kitu kilichonunuliwa, kipimo, bei, jina la muuzaji, namba ya simu, na mwishoni sahihi au alama ya dole gumba. Kila ukurasa ulijumlishwa na kutiwa sahihi na mweka hazina, na baki ililingana na fedha zilizokuwa kwenye kisanduku.

Ofisi ya mpitishaji, ambayo haina haja ya kutajwa, ililikataa daftari hilo na kuagiza kwamba kila matumizi yaambatane na risiti ya mashine. Agizo lilitiiwa. Robo mwaka iliyofuata, bahasha ya kikundi ilileta risiti safi za mashine, zote zikiwa zimetolewa na duka moja la vifaa vya ujenzi lililo kando ya barabara kuu, zikieleza manunuzi ya mbegu na samadi, na namba zake zikifuatana moja baada ya nyingine ilhali tarehe zilizoandikwa kwenye hati za malipo zilipishana kwa wiki kadhaa. Mkaguzi hakuhitaji muda mrefu kuziona. Gharama zile zikaandikwa kuwa gharama zenye shaka, yaani gharama ambazo mfadhili anaweza kuzikataa na kudai zirejeshwe. Kikundi kikapandishwa daraja la hatari. Na hoja ya ukaguzi ikafuatana nacho hadi mradi ulipokwisha. Manunuzi yenyewe yalikuwa yamefanyika kweli, samadi ilionekana shambani, na daftari la rula, ambalo lilikuwa limeeleza ukweli wote, lilibaki nyumbani kwa katibu kwa kuwa hakuna aliyelitaka.

Ukizisoma Kanuni Sare, hukuti mahali panapodai risiti ya mashine kwa kila ununuzi. Zinachotaka ni gharama iwe ya lazima kwa kazi, iwe ya kiasi cha haki, itendewe kwa namna ileile kila mara, na iwe na uthibitisho wa kutosha. Na kiasi gani cha uthibitisho kinatosha ni suala la busara linalotegemea ukubwa wa gharama na mazingira ya soko. Kanuni hizohizo zinatoa hata njia ya kuukwepa mgogoro wa risiti kwa uhalali kabisa, nayo ni ruzuku ndogo ya kiasi maalumu, ambayo mpokeaji wa chini hulipwa kwa hatua alizokamilisha, kwa mfano vitalu vilivyopandwa au mafunzo yaliyofanyika, badala ya kulipwa kwa kila stakabadhi. Kwa idhini ya mfadhili, njia hiyo iliruhusiwa hadi dola 250,000, na marekebisho ya mwaka 2024 yakakiongeza kiwango hadi dola 500,000. Vikundi vya Tengeru vilivyokuwa vikipokea sehemu ndogo sana ya kiasi hicho vingeweza kuitumia kwa urahisi, lakini ofisi iliyokuwa katikati iliona salama yake ipo katika wingi wa karatasi. Funzo linalotokana na hayo ni kwamba sharti lililozidi uwezo wa mazingira halileti uthibitisho bora zaidi, bali humfundisha mtu mwaminifu kutengeneza hati. Na mara anapojifunza hivyo, mpitishaji anakuwa amepoteza taarifa sahihi aliyokuwa nayo tangu mwanzo.

Ugumu wa namna hiyohiyo huingia katika kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali ya Marekani huanza tarehe 1 Oktoba, wa Tanzania huanza tarehe 1 Julai, taasisi nyingi za kimataifa hufuata Januari hadi Desemba, na mkulima wa Meru hufuata masika na vuli. Kanuni Sare humpa mpokeaji siku 30 baada ya robo mwaka kuwasilisha taarifa ya fedha. Lakini kila aliye katikati hujikatia siku zake za kukagua na kujumlisha, hivi kwamba chuo kikuu kikitaka taarifa ndani ya siku 15, taasisi ya Tengeru itaitaka kutoka kwa asasi ndani ya siku 7, nayo asasi itawaagiza makatibu wa vikundi walete hesabu zao kabla robo mwaka haijafungwa. Katibu anayetakiwa kutoa hesabu za Machi wakati Machi haijaisha hana la kufanya ila kukadiria, na makadirio hayo, yakipanda ngazi hadi ngazi bila kuandikwa kuwa ni makadirio, hufika juu yakiwa yamevaa sura ya matumizi halisi. Aidha, kwa kuwa masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei, gharama kubwa za kupanda hugawanyika katika robo mbili, na afisa aliye mbali na shamba huisoma robo ya kwanza kama ushahidi kwamba mradi unasuasua. Mwandishi alishuhudia asasi zilizotuliza shauri hili kwa jambo dogo: kila taarifa ilikuwa na safu mbili, moja ya fedha zilizokwisha lipwa na nyingine ya madeni yaliyokwisha kuiva ambayo hayajalipwa, pamoja na maelezo ya sentensi chache kuhusu msimu.

Kinyume na wajibu, ambao huwahi kufika chini, haki huchelewa. Tangu Desemba 2014 Kanuni Sare zilimruhusu mpokeaji asiye na kiwango kilichojadiliwa kudai asilimia 10 ya gharama za moja kwa moja, baada ya makato fulani, kwa ajili ya gharama za uendeshaji, yaani umeme, ulinzi, kodi ya pango na mshahara wa mhasibu, ambazo haziwezi kuhesabiwa kwenye mradi mmoja pekee. Na kuanzia Oktoba 2024 kiwango hicho kiliongezwa hadi asilimia 15. Mpitishaji hapaswi kumlazimisha mpokeaji wa chini ashushe kiwango hicho, lakini asasi nyingi za mteremko wa Meru zilitia sahihi bajeti zisizo na senti moja ya uendeshaji, kwa kuwa hazikuwahi kuambiwa kwamba haki hiyo ipo. Matokeo yake ni kwamba asasi iliyonyimwa fedha za kumlipa mhasibu ilidaiwa taarifa zenye ubora unaohitaji mhasibu, na iliposhindwa ikahesabiwa kuwa haina uwezo.

Jambo jingine lililochanganya mambo ni kutotofautisha mpokeaji wa chini na muuzaji. Mpokeaji wa chini hushiriki kutekeleza lengo la mradi, huamua namna ya kulitekeleza, na hupimwa kwa matokeo. Muuzaji huuza bidhaa au huduma yake ya kila siku na kulipwa bei. Kikundi kinachokodisha shamba la majaribio au kusomba miche ni muuzaji, na kinachotakiwa kwake ni ankara na uthibitisho wa kupokea huduma, si taarifa ya robo mwaka wala sera ya manunuzi. Mwandishi aliviona vikundi vilivyotiishwa kwa masharti yote ya ruzuku kwa sababu tu mkataba wa mfano uliokuwa kwenye kompyuta ya ofisi ulikuwa wa ruzuku ndogo, na hakuna aliyesimama kuuliza kama unafaa.

Sheria za Tanzania zilikuwa zikitembea sambamba na masharti hayo ya nje. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inayataka mashirika kuwasilisha taarifa ya kila mwaka kwa Msajili. Kanuni za mwaka 2018 ziliagiza mikataba ya ufadhili inayozidi shilingi milioni 20 ipelekwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 sasa inagusa hata orodha za mahudhurio zenye majina, namba za simu na sahihi za wakulima. Hata hivyo, serikali ya Tanzania yenyewe imekwisha kutoa mfano wa kushusha fedha bila kurundika ugumu chini. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zilianza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti za zahanati na vituo vya afya badala ya kubaki halmashauri, na ili vituo hivyo viweze kutoa taarifa ukaanzishwa mwaka 2017 mfumo wa uhasibu wa vituo vya kutolea huduma, unaojulikana kwa kifupi chake cha FFARS, uliokusudiwa kutumika hata na mtu ambaye hakusomea uhasibu. Mfumo huo una kasoro zake, na hoja za ukaguzi hazikukoma, lakini uliheshimu kanuni moja ya msingi: anayedai taarifa kutoka chini anapaswa kwanza kumpa aliye chini chombo cha kuiandikia.

Mwaka 2025 ulidhihirisha uzito wa mambo haya kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia. Amri ya rais wa Marekani ya tarehe 20 Januari ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, maagizo ya kusitisha kazi yakashuka ngazi zote kwa muda wa siku chache, na ilipofika tarehe 1 Julai shirika la misaada la nchi hiyo, USAID, lilikuwa limekoma kuendesha misaada, shughuli zilizobaki zikihamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje. Katika hali hiyo swali lililoulizwa kwa kila mpokeaji wa chini lilikuwa moja, nalo ni gharama zipi ziliingiwa kabla ya agizo na zina uthibitisho gani. Waliokuwa na madaftari yaliyoandikwa siku ya matumizi walikuwa na dai la kuwasilisha, na waliokuwa wakisubiri mwisho wa robo ili kutafuta stakabadhi hawakuwa na la kuonesha. Mnamo Mei mwaka huohuo Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilitangaza kwamba hazitatoa ruzuku mpya zenye ruzuku ndogo za nje hadi uwepo utaratibu ambao mshirika wa nje atapewa ruzuku yake mwenyewe iliyounganishwa na ile kuu, na mojawapo ya sababu zilizotolewa ilikuwa ugumu wa kufuatilia fedha zinazopitishwa. Kwa maneno mengine, taarifa ambazo wapitishaji walipaswa kuzitoa kwa ukamilifu zilipopungua, njia nzima ya kupitishia fedha ilitiliwa shaka, na walioumia zaidi ni wale ambao hawakuwa na mamlaka juu ya taarifa hizo.

Kutokana na hayo yote, mwandishi anahitimisha kwamba taasisi iliyo katikati ina kazi tatu ambazo haiwezi kumkabidhi mwingine. Ya kwanza ni kusoma kanuni yenyewe badala ya kurithi mkataba wa mfano, na kila sharti inaloongeza ilitaje wazi kuwa ni lake na ieleze sababu yake. Ya pili ni kushusha haki pamoja na wajibu, yaani asilimia ya uendeshaji, njia ya malipo kwa hatua, na mafunzo ambayo kanuni inayatambua kuwa sehemu ya usimamizi. Ya tatu ni kurudisha majibu, kwa kuwa kikundi kinachopeleka hesabu kila robo bila kuambiwa zilisomwa vipi hujifunza kwamba hesabu hizo ni ushuru wa kulipwa, si chombo cha kuongozea kazi. Funzo hili linazihusu zaidi taasisi za Tengeru sasa kuliko zamani, maana utaratibu unaoelekea kuja utazifanya baadhi yake kuwa wapokeaji wakuu zenyewe, zikikabiliana na mfadhili bila chuo kikuu cha ng'ambo kusimama mbele yao. Siku hiyo hazitaweza tena kulaumu ukali wa walio juu, kwa sababu masharti yatakayomfikia katibu wa kikundi mteremkoni yatakuwa yameandikwa kwa mkono wao.